Kanjo Mwenye Mabawa

Ijumaa, 27 Juni 2025

Mgongo! Tangu asubuhi nimemtoa Cucu kitandani, nikampeleka bafu, nikamrudisha, nikamketisha kwa sofa, nikampangia mito upande wa kushoto ndiyo nyonga isimuume. Amesema maji ya kuoga yalikuwa baridi. Nikaongeza ya moto. Akasema nataka kumnyonyoa kama kuku.

Sijajibu. Kujibu pia ni kazi.

Alianguka wiki ya Pasaka, kwa matope ya zizi, na tangu siku hiyo mimi ndiyo miguu yake. Mwanawe — bwana yangu, Mwaniki — yuko Doldol na biashara yake ya mbuzi. Alikuja hospitali mara moja, akaongea na mama yake pazia likiwa limefungwa, akarudi kwa mbuzi. Mimi nikaacha kiti changu kwa saluni ya Tabby pale mjini. Kwa muda kidogo tu, nilimwambia Tabby. Muda kidogo gani huu.

Murugi, binti yangu, amekuja likizo fupi ya katikati ya muhula. Amekua! Sketi imepanda juu ya magoti. Nyumba imepata kelele tena. Alipanda juu ya kabati akatoa sanduku lenye vumbi — ile mashine ya gemu ya baba yake ya utotoni, ya kuunganisha na TV. Kaseti tatu, zote za gemu moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilidhani imekufa zamani. Imewaka.

Ni gemu ya fuko. Fuko amevaa skafu nyekundu, anakimbia kwa mashamba, anaruka mashimo, anaokota viazi. Cucu akaangalia kidogo, akauliza, "Huyo mnamsaidia ni fuko?"

Murugi: "Ndiyo, Cucu. Huyo ndiye mzuri."

"Fuko ndiye mzuri." Akacheka ile yake ya puani. Cucu amelima viazi hapa Gatitu maisha yake yote na amewaajiri wategaji wa fuko kila msimu. Akasema kama TV yake imefika mahali pa kushangilia fuko, heri izimwe.

Haikuzimwa.


Jumapili, 29 Juni

Mwaniki alikuwa aje ampeleke Murugi shule. Hakuja. Ati netiwaki ilikuwa mbaya, ati alituma ujumbe ukakataa kuenda. Nimempeleka mwenyewe, Mama Wamae wa jirani akabaki na Cucu.

Kwa geti ya shule Murugi akaniuliza, "Daddy ako sawa?" Nikasema ako na kazi mingi. Akaniangalia vile mtu mzima huangalia mtu mzima. Halafu akabeba sanduku lake akaenda.

Nikarudi nikapata Cucu analalamika — chakula cha Mama Wamae hakina chumvi. Changu nacho huwa na chumvi nyingi. Sisi watu wa Meru, kulingana na Cucu, tulizaliwa tukiwa na chumvi mkononi. Nimeolewa hapa karibu miaka kumi na tano na bado naitwa "huyu wa Meru". Siku nzuri ni "Mama Murugi". Jina langu sijui kama analijua.


Jumatatu, 30 Juni

Nilikuwa napanguza meza. Cucu: "Washa ile kitu."

"Gani?"

"Ile ya fuko. Kwani nitaangalia ukuta mpaka Yesu arudi?"

Nikamwashia. Rimoti ya gemu akaishika juu chini. Nikaigeuza. Fuko akakimbia hatua kidogo, nyigu mmoja akatokea upande wa kulia wa TV, akasimama hewani, akakunja tumbo, akarusha mwiba. Fuko akaanguka na miguu juu.

Cucu: "Ni nini hiyo imenipiga?"

Nikamwambia ni nyigu. Akasema arudishwe hapo mwanzo. Nikamrudisha. Nyigu akamuua tena. Nikaenda kuchota maji. Nikirudi bado anauawa.


Alhamisi, 3 Julai

Baridi ya mwezi wa saba imeingia. Mlima hatujauona wiki nzima, ni ukungu tu na manyunyu. Nguo hazikauki. Nimeanika vitambaa vya Cucu juu ya jiko na sasa nyumba inanuka kama kanisa lililojaa watu waliolowa.

Anacheza asubuhi, anacheza jioni. Mashimo amejua kuruka. Kinachomshinda ni nyigu tu. Ni yule yule kila mahali — kwa shamba la viazi, kwa chai, kwa daraja. Ana mistari ya njano na kijani, na macho makubwa. Hana haraka. Anakuja, anasimama, anakutazama kwanza.

Leo Cucu amemwita Kanjo. Nikacheka bila kupenda. Alinieleza, macho kwa TV: alipokuwa msichana mdogo wa kuuza kabichi na dania pale mjini, askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, walikuwa wanakuja vivyo hivyo. Mmoja anasimama kwa kona. Haongei. Anakuangalia tu. Ukikimbia mbele unakutana na mwenzake. "Kukimbia ndiyo walikuwa wanataka," alisema.

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naenda kusimama karibu na yeye kabisa. Namwuliza bei ya soksi. Anachanganyikiwa."

Akajaribu hiyo. Fuko hakukimbia. Alitembea mpaka chini ya tumbo la nyigu na kusimama hapo. Mwiba ukapita mbele. Cucu akaruka — fuko akaruka, naandika kama mwehu sasa — na nyigu akapasuka pwaa!

Alipiga mkono kwa sofa mpaka nyonga ikamwuma. Nikamletea dawa.

Tabby alipiga simu. Kiti changu bado kiko. Ati amemkalisha msichana wa Kiganjo lakini anasuka akivuta nywele na wateja wanalia. "Unarudi lini?" Nikamwambia karibuni. Sauti yangu hata mimi sikuiamini.


Jumapili, 6 Julai

Sikuenda kanisani. Nililala kwa kiti nikiwa nimevaa viatu.


Jumatano, 9 Julai

Leo nitaandika yote ndiyo itoke kichwani.

Kina mama wa kanisa walikuja kumwona Cucu. Mama Wamae na Warigia, mwenyekiti wao, na mkate na majani ya chai. Walimpata Cucu kwa mapambano. Waliingia wakisema "Bwana asifiwe" naye akajibu, "Ngoja kwanza nimuue huyu shetani." Warigia akasimama mlangoni na mkate wake. Nikaenda haraka nikamweleza ni gemu. Wakaketi. Wakaomba. Cucu akafumba jicho moja.

Nikaleta chai. Tukaongea mambo ya baridi na viazi. Halafu Warigia, kwa moyo mzuri kabisa, akasema:

"Na mjukuu wako nilimwona Nanyuki, Cucu. Wiki iliyopita nikienda mazishi. Nilisikia mtu anaita, 'Murugi! Murugi, kuja hapa!' Nikageuka nikaona ni Mwaniki. Nikafurahi, nikasema kumbe ni Murugi wetu. Lakini kuangalia — ni katoto! Kamefika hapa." Akaweka mkono karibu na goti lake. "Kameshikwa mkono na mama fulani—"

Mkono ukabaki pale kwa goti.

Mama Wamae akasema labda si Mwaniki. Warigia akasema ndiyo, labda si yeye, siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Alivyosema hivyo ndiyo nikajua ni yeye.

Hapa kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Murugi wangu ni Cucu huyu huyu, Magdaline Murugi. Hakuna mwanamume anaita mtoto jina la mama yake kwa bahati.

Cucu akasema, "Mmechanganya watu." Akachukua rimoti. Wageni wakamaliza chai yao haraka kama inawachoma.

Niliosha vikombe. Nikaviosha tena.


Alhamisi, 10 Julai

Nimempigia Mwaniki. Haishikwi. Nimempigia. Imezimwa.

Cucu hajasema kitu. Mimi sijasema kitu. Tumekula githeri.


Jumamosi, 12 Julai

Nilikuwa nimeketi kwa ngazi ya mlango wa nyuma, sifanyi chochote, ndoo iko kando yangu. Cucu akaita. Nikajua ni choo. Si choo.

"Kuja ushike hii ingine."

Kumbe rimoti ni mbili. Wa pili ni dada ya fuko, skafu ya bluu. Nikamwambia Cucu niko na nguo za kufua. Akasema nguo hazikauki hata zikifuliwa, mvua hiyo nje naiona ama siioni? Nikaketi.

Mimi ni mbaya sana kwa hii kitu. Vidole vya kusuka nywele, na haviwezi kubonyeza vitufe viwili pamoja! Nimekufa kwa shimo. Nimekufa kwa maji. Nimekufa nikiwa nimesimama tu nikimfikiria katoto kamefika magotini.

Halafu pale kwa daraja, Cucu akapiga kelele: "Gatwiri! Juu yako! Juu!"

Nikasonga. Mwiba ukapita.

Analijua. Muda huu wote analijua jina langu. Hakugundua hata kama amelisema. Mimi niligundua, nikafa kwa shimo lililofuata.


Jumatano, 16 Julai

Tumemaliza kaseti ya kwanza. Fuko akafika nyumbani kwao chini ya mti, muziki ukalia, Cucu akasema, "Ni hiyo tu?" Lakini alikuwa anatabasamu.

Tukaweka ya pili. Fuko yule yule, sasa ako mjini, kuna magari na paa za mabati. Hatukuenda mbali — Kanjo! Amevaa miwani. Vingine ni vile vile, ameongeza kitu kimoja tu: akirusha mwiba anashuka chini kidogo, kwa hivyo ile ya kusimama chini yake haifanyi kazi.

Cucu aliudhika kweli. "Si tulimmaliza huyu?"

Nikasema nadhani ako kwa zote tatu. Watoto walikuwa wanasema hivyo zamani, yeye hurudi kila gemu.

"Na wale waliotengeneza hawana mdudu mwingine?"

Tulicheza mpaka chakula kikaungua. Akakila bila kusema neno juu ya chumvi. Nilimkanda mguu baadaye. Ngozi ya shavu la mguu imelegea, lakini anaweza kuukunja sasa. Daktari alisema mwezi wa tisa. Nadhani atatembea kabla.

Ni ajabu — kuna saa moja kwa siku ambayo sijachoka. Halafu TV inazimwa, na uchovu unarudi kukaa mahali pake.


Ijumaa, 18 Julai

Simu ya Cucu iliharibika spika ndogo, kwa hivyo mtu akimpigia inasikika nyumba nzima.

Tulikuwa kwa paa za mabati. Simu ikalia. Mikono yake yote iko kwa rimoti. Akasema, "Nishikie." Nikaangalia: Mwaniki. Wiki nzima hachukui simu yangu na sasa anampigia mama yake. Nikabonyeza, nikaiweka karibu na sikio la Cucu.

"Mami, uko sawa? Umemwambia?"

Cucu akasema, "Niko na kazi."

"Mami, sikiza. Umemwambia Gatwiri ama bado? Ulisema mimi ninyamaze, wewe utaongea naye. Tangu hospitali unasema ngoja. Hawa watu siwezi kuwaacha huku tena. Mami? Uko hapo?"

Kwa TV nyigu alikuja akasimama. Hakuna aliyesonga. Alimpiga fuko wa nyekundu, akampiga wa bluu, na muziki wa kushindwa ukaanza kulia, ule wa kipumbavu.

Nikakata simu.

"Ulijua tangu hospitali," nikasema.

"Ndiyo."

Nikatoka nje nikasimama kwa manyunyu mpaka nywele zikalowa. Ng'ombe alikuwa ananiangalia. Nilikuwa nataka kulia, hata machozi hayakuja, yamechoka pia.


Jumamosi, 19 Julai

Nimemwosha. Nimemlisha. Nimempeleka choo. Sijamwongelesha. TV sijawasha na yeye hajaomba. Alikuwa anaangalia ukuta kweli kweli.

Nilipokuwa nafunga pazia alisema, "Mama Murugi." Nikasema, "Sema." Akasema ni sawa, hakuna kitu.


Jumapili, 20 Julai

Ameongea. Niliporudi kutoka kanisani — nilienda leo, nikaketi nyuma, nikatoka kabla ya Warigia kunifikia — nilimpata amejiinua mwenyewe, ameketi wima, kitambaa cha kichwa amefunga vizuri kama mtu anayengoja wageni.

"Keti," akasema.

Nikasema nitasimama.

"Sawa, simama. Aliniambia hospitali. Ako na bibi mwingine huko na mtoto. Alitaka kukuambia siku hiyo hiyo. Mimi ndiyo nilimkataza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeenda."

Nikangoja aongeze kitu kizuri. Ati alikuwa ananionea huruma, ati alikuwa anaogopea Murugi, ati ndoa ni takatifu. Hapana. Akaniangalia machoni.

"Ungeenda, na nani angeniosha? Yule wa Doldol simjui. Mwaniki hajui hata kukamua ng'ombe. Nilikuwa nimelala pale, mguu umefungwa na chuma, nikasema acha nipone kwanza ndiyo ajue. Si vizuri. Lakini ndiyo ukweli."

Nikamwambia mambo mengi. Sitayaandika yote. Nilimwambia nimemgeuza na kumpanguza usaha wa kidonda kama mtoto wangu, na yeye amekaa na siri chini ya makalio yake kama kuku na yai. Nilimwambia hata mbwa huambiwa kama nyumba imehama. Sauti yangu ilipanda, Mama Wamae lazima alisikia kwa ua.

Hakujitetea. Alisema tu, "Endelea." Na mimi nikaishiwa na maneno. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi — nilikuwa na haki ya kukasirika mwezi mzima na ikaisha kabla ya chai.

Halafu ilibidi nimpeleke choo. Tulienda hatua kwa hatua, ameniegemea, mimi bado nalia.


Jumatano, 23 Julai

Leo nilivaa koti, nikamwambia Cucu naenda mjini. Sikuomba. Nikamwachia uji kwa chupa, nikamwekea ile chuma ya kutembelea karibu, nikaenda.

Tabby hakuuliza kitu. Alimwambia yule msichana wa Kiganjo apumzike, akanipa kichwa cha mwanafunzi wa ualimu. Nilisuka mpaka mwisho. Mikono ilijua njia yote yenyewe. Kulikuwa na redio, na harufu ya mafuta na nywele za kuchomwa, na wanawake wanaosema uongo juu ya waume wao. Nilikuwa nimesahau kuna mahali kama hapo.

Baadaye nikamweleza Tabby. Alisikiza hadi mwisho, akafunga kitana kwa droo, akasema, "Sasa niambie. Wewe umeolewa na nani — Mwaniki ama mama yake?"

Nilicheka mpaka mteja akageuka. Kisha nikaona swali si la mchezo.

Ati naweza kulala kwake, ana chumba, Murugi akifunga shule atakuja huko. Kiti ni changu. Niseme tu siku.

Nikarudi jioni nikijua nitapata Cucu ameanguka. Nilimpata jikoni. Jikoni! Amesimama na chuma yake mbele ya jiko, anachemsha chai, maziwa yamemwagika kila mahali na sakafu inateleza. Nikapiga kelele. Akasema nisimpigie kelele nitamwangusha.

Tukanywa. Ilikuwa na moshi. Ni mara ya kwanza mtu ananipikia chai kwa hii nyumba tangu Murugi azaliwe.

Akiwa na kikombe akasema Mwaniki amepiga tena. Anakuja Jumamosi. Anakuja nao.

"Nao?"

"Bibi na mtoto. Huko kumekauka, biashara imeenda chini. Anataka wakae hapa. Anasema nyumba ni kubwa."

Nikauliza alimjibu nini.

"Nilimwambia nyumba si kubwa. Inaonekana kubwa kwa mtu anaiangalia kutoka mbali."


Alhamisi, 24 Julai

Yeye: "Utaenda?"

Mimi: "Sijui."

Yeye: "Hiyo ni haki."

Tukawasha gemu. Tulifika mwisho wa kaseti ya pili. Sasa Kanjo tunamngoja pamoja, mmoja anamvuta chini na mwingine anaruka. Hatuambiani tena nani afanye nini. Hakuna aliyeshangilia.


Ijumaa, 25 Julai

Nimepanga nguo zangu kwa begi. Nimezitoa. Nimeziweka tena, lakini begi sijafunga zipu. Liko kitandani limefungua mdomo.

Nimepigia shule, nikaruhusiwa kuongea na Murugi dakika kidogo. Nilitaka kumwambia. Akasema wamefanya mtihani wa hesabu na amepita. Akasema, "Cucu bado anachezewa na nyigu?" Nikasema siku hizi nyigu ndiye anachezewa. Akacheka sana. Singeweza kumwambia baada ya hiyo.

Kaseti ya tatu hatujaiweka. Cucu alisema iwekwe kesho, kesho ina kazi mbili.


Jumamosi, 26 Julai

Naandika nikiwa jikoni. Nimesimama.

Asubuhi sikumsikia Cucu akiamka. Nilikuwa nakamua. Nilipotoka zizini na ndoo nilimwona kwa geti, peke yake, na ile chuma yake, sweta ya kijani, viatu vya kanisa. Amevuka ua wote! Kwa matope! Nilitaka kukimbia lakini nikaogopa kumshtua. Alikuwa anafunga kufuli. Geti yetu haijawahi kufungwa mchana. Akageuka, akaniona, akasema kuna mbwa zinaingia kusumbua kuku. Tulirudi pole pole. Hakuniegemea.

Tukaweka kaseti ya tatu. Kanjo alitokea mapema sana, kabla hata hatujaokota kiazi. Sasa wako watatu, wanaruka kwa mstari. Cucu akasema, "Haiya, ameoa." Halafu akafunga mdomo. Tukaangaliana. Mungu anisamehe, tulicheka. Tulicheka mpaka akashika nyonga, mpaka mimi nikalala chini kwa zulia.

Hapo ndiyo honi ikalia.

Pikapu ya Mwaniki. Naijua sauti yake. Ikalia tena. Cucu akabonyeza, fuko wakasimama, nyigu wote watatu wakasimama hewani.

"Mami!" Ni yeye, kwa geti. "Mami! Gatwiri! Kwani mmefunga?"

Nilisimama. Kwa dirisha naona juu ya geti kichwa chake tu, na kofia. Amekonda. Sikutarajia aonekane amekonda. Kando yake leso ya mwanamke. Haongei. Ameangalia chini, kama mtu amefika mahali aliambiwa anangojwa na anaona hangojwi.

Cucu akaingiza mkono kwa sweta, akatoa ufunguo. Nilidhani ataniambia niende kufungua, kwa sababu miaka hii yote ni hivyo, mtoto wake akipiga honi mimi ndiye hukimbia. Ama aniambie nisifungue. Nilikuwa tayari kwa moja ya hizo mbili. Nilikuwa nimepanga hata majibu.

Akauliza, "Nifungue?"

Sikuelewa. Nikasema ni mtoto wako.

"Najua ni nani. Nimemzaa. Nakuuliza wewe. Ukisema nifungue nitafungua, na kama utaenda kwa Tabby nitajiosha. Naweza. Umeona naweza. Ukisema nisifungue, aongee akiwa huko nje mpaka tumalize. Lakini sema wewe."

Hakuna mtu amewahi kuniuliza kitu kwa hii nyumba isipokuwa chumvi iko wapi.

Nikasema naangalia maji kwa jiko. Hakuna maji kwa jiko. Nikaja hapa. Alinifuata na macho tu, halafu nikasikia chuma yake, tok, tok, mpaka mlango wa jikoni, na akaweka ufunguo hapa mezani, karibu na mkono wangu, akarudi kuketi.

Begi liko kitandani. Tabby atakuwa saluni mpaka jioni. Mwaniki anaita tena, sasa anaita jina langu peke yake, na sauti yake si ya hasira, ni ya mtu amechoka. Na mimi nimechoka. Sisi wote kwa hii boma, ndani na nje, hakuna mtu hajachoka.

Kutoka dirisha la jikoni naona sehemu ya chini ya geti. Kuna nafasi ya mkono mmoja kati ya mabati na udongo. Naona viatu vya Mwaniki. Naona raba za yule mama, zimejaa vumbi jekundu la huko kwao. Na miguu midogo, soksi moja imeshuka, inazunguka zunguka hapo. Sasa katoto kenyewe kameinama. Kameweka shavu karibu na matope ndiyo kaone ndani. Jicho moja. Paji la uso la Cucu kabisa, hata mtu asiyejua angejua.

Mvua imeanza, na katoto kamekuja bila kofia. Nachukua ufunguo